Kobe Asiyejibu

Bibi Subilaga alimwona mkwewe akishuka kilimani na mwavuli, akaendelea kumenya ndizi. Hakusimama wala hakusema karibu. Kigoda cha pili kilichokuwa hapo barazani alikivuta kwa mguu, akakisukumia ndani ya nyumba, ili mgeni asije akadhani kimewekwa kwa ajili yake. Mvua ya Tukuyu ilikuwa ikinyesha bila haraka, maana huko mvua ni mwenyeji, wanadamu ndio wapita njia. Gwantwa akafika ukingoni mwa baraza, nusu yake imelowa, akapiga goti kidogo na kumwamkia mama mkwe wake kama alivyofundishwa tangu siku ya kuolewa. Salamu ikaanguka chini na hakuna aliyeiokota.

Alikuja kwa ajili ya binti yake, Atupele. Jana yake gari la Ofisi ya Usikivu lilipanda hadi hapo uani, wakashuka wanawake wawili wenye makoti ya rangi ya maziwa, wakamchukua mtoto akiwa na matope miguuni na mwanasesere wake mkononi. Walisema maneno mengi ya upole. Bibi Subilaga aliwafuata na mwiko mpaka barabarani, jambo ambalo halikumsaidia hata kidogo, kwa kuwa mwiko nao uliandikwa.

"Sikio lako limefanya kazi," alisema bibi, bila kuinua macho kutoka kwenye ndizi. "Ulilituma mwenyewe, ndani ya sanduku lenye utepe. Ukasema ni zawadi ya mtoto."

Gwantwa alijibu kwamba ilikuwa zawadi kweli.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mama Atu. Mimi changu nilikuwa nakifua kwa sabuni na kukianika kwenye kamba."

Hapo Gwantwa alitaka kusema mengi, lakini jambo kubwa kuliko yote alilokuwa nalo moyoni lisingesemeka mbele ya mwanamke yule. Tangu walipomzika Lusajo, mume wa mmoja na mwana wa mwingine, walikuwa hawapatani. Bibi alimshika mtoto kaburini na kutangaza mbele ya waombolezaji kwamba damu ya boma lile haiendi kulelewa Dodoma na mashine. Gwantwa, akiwa mjane mchanga mwenye kazi isiyosubiri, aliinamisha kichwa akaondoka peke yake. Basi jana habari ilipomfikia kazini kwake, maabara wanakotengeneza wanasesere hao, kwamba mama mkwe wake ameshtakiwa kwa kumtesa mtoto, kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa furaha. Hofu ilikuja baadaye, na aibu baada ya hofu. Lakini furaha ilitangulia, naye alijua hivyo.

Ripoti ya Ofisi alikuwa ameisikiliza njiani. Ilikuwa sauti ya Atupele mwenyewe, akimwambia mwanasesere wake: Mke mwenza wee, umekula nyama ya mume wangu, leo nakuchoma kwa kuni mbichi mpaka ulie moshi. Halafu: Nitakuuza gulioni kwa bei ya chumvi, na chumvi yenyewe nitakunyima. Kisha kishindo cha jembe dogo migombani na wimbo wa msiba. Sikio lililomo kifuani mwa mwanasesere lilikuwa limepanga yote hayo kwa majina yake: kutishiwa moto, kuuzwa, kunyimwa chakula, kufukiwa. Na chini yake likahitimisha kuwa mtoto amejifunza haya kwa mlezi wake, kwa kuwa mtoto hachezi asilolijua.

Hitimisho hilo lilikuwa kweli tupu. Atupele alijifunza kwa bibi yake. Popote katika nchi ile bibi na mjukuu wake wa kike ni wake wenza, wanagombea mzee mmoja, hata kama mzee mwenyewe amelala kaburini miaka kadhaa na hana habari nao. Hutukanana asubuhi mpaka jioni na hulala kitanda kimoja. Gwantwa naye alilelewa hivyo na bibi yake mzaa mama, akatishiwa kuuzwa mara zisizo na hesabu.

"Kesho kuna baraza," alisema. "Nitakwenda kueleza, mama."

Bibi akatupa ganda la ndizi, likapita karibu na miguu ya mkwewe. "Nenda kaeleze. Ila usije ukaeleza kwa niaba yangu. Mimi mdomo ninao."

*

Nyumba ya Utulivu ilikuwa nje kidogo ya mji, katikati ya chai. Kuta zake zilifunikwa kitambaa laini ili mtoto asijiumize, na walezi wake waliongea taratibu kama watu wanaosoma sala wasiyoielewa. Gwantwa aliingizwa kwenye ukumbi ambamo watoto kumi na kitu walikuwa wamekaa na wanasesere wao: sungura, ndege, nyati mmoja mwenye pembe za sponji. Hakuna aliyepiga kelele. Yeye aliyetumia nusu ya maisha yake kuwasikiliza watoto wakicheza alihisi nywele za shingoni zikisimama.

Atupele alikuwa pembeni, amemkalisha Kipara mbele yake. Kipara alikuwa kipunji, tumbili wa mlima Rungwe, na alipotoka maabara alikuwa na nywele ndefu zilizosimama utosini. Mapenzi ya mtoto na sabuni ya bibi vilizimaliza zote. Kati yao wawili kulikuwa na vifungo vya nguo.

"Mume wetu ameleta nyama," mtoto alisema kwa sauti ya kibibi kizee. "Vipande kumi na vitatu. Gawa, tukuone uchoyo wako."

Kipara akafikiri. "Mimi saba, wewe saba."

"Hiyo kumi na nne, mwizi wewe. Kimoja umekitoa kwenye paja lako? Gawa tena kabla sijakuchoma."

"Mimi sita, wewe sita."

"Na kinachobaki?"

"Cha mume."

"Mume amekufa, atatafunia nini?"

"Basi cha paka," alisema Kipara, na Atupele akacheka mpaka akaanguka ubavu.

Hivi ndivyo walivyofanya kazi, na Gwantwa alipowaona alisahau kwa kitambo kidogo kilichomleta. Wanasesere hao waliitwa wanagenzi, kwa sababu walitengenezwa wawe wanafunzi. Maabara walikuwa wamegundua kile ambacho kila mtoto mwenye mdogo wake anakijua: unachofundishwa utakisahau, unachomfundisha mwenzako kitakaa. Kwa hiyo punje ndogo iliyofichwa kwenye sufi ya kifua ilimpima mtoto akicheza, kisha ikakaa hatua moja nyuma yake. Mtoto akijua kujumlisha, mwanagenzi hukosea kujumlisha. Mtoto akianza kugawa, mwanagenzi huiba kipande. Tena hakuwa na tabia yake mwenyewe. Mtoto akishajifanya mkubwa, kiti kinachobaki ni cha mtoto, na hapo humkalisha mwanagenzi na kumfundisha kukaa.

Sikio lilikuja baadaye, wakubwa walipotambua kuwa kitu kinachosikia mchezo wa kila mtoto nchini kinasikia pia yanayotendeka majumbani. Gwantwa ndiye aliyelitungia sheria zake. Katika kikao kimoja mwenzao alishauri sikio lifundishwe utani, maana nchi hii bila utani hata maiti haizikwi vizuri. Gwantwa alisimama akasema hapana. Alisema hakuna mtesaji asiyelijua neno "natania". Ukimfungulia mlango huo mmoja, watapita wote. Walimpigia makofi, na sikio likatoka vile alivyotaka, na ni kweli kwamba katika miaka iliyofuata watoto wengi walitolewa kwenye mikono ya kinyama kwa sababu yake. Alikuwa na haki ya kujivunia na alijivunia.

Mlezi mmoja alikuwa amesogea. Akainama kwa Atupele, akamkumbusha kwamba hapa hatusemi mwizi, tunasema rafiki yangu jaribu tena. Mtoto akainamisha macho. "Rafiki yangu, jaribu tena," alimwambia Kipara, na Kipara, asiyejua rafiki huyo ametoka wapi, hakugawa kitu. Vifungo vikabaki sakafuni.

Mlezi alipoondoka Atupele alimrukia mama yake shingoni, akauliza kama bibi amekuja. Alipoambiwa bado, akauliza nani anamtukana sasa huko nyumbani, maana peke yake atalala mapema na kuota ndoto mbaya. Gwantwa alimwambia watarudi kesho. Hakupaswa kuahidi.

"Na Kobe arudi kwao pia?" mtoto alinong'ona.

Alimwonyesha kwa kidevu msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha. Tusekile jina lake, alisema Atupele. Kwenye mapaja yake kulikuwa na kobe wa kitambaa cha kijani, mpya kabisa kama ametoka dukani leo.

"Kobe wake hajui kujibu. Nimemtukana jana yote, nimemwita jiwe, nimemwita mavi ya mbuzi. Kimya tu."

Gwantwa alidhani punje imeharibika, akakusudia kuwaambia mafundi. Kisha akamkumbatia mwanawe na kulisahau jambo hilo.

*

Mwenyekiti wa Baraza la Usikivu alikuwa Bi. Mkwizu, mwanamke mwembamba aliyekuwemo katika kile kikao cha makofi. Hakusahau kitu na hakusamehe upesi. Kulia kwake alikaa mwalimu mstaafu aliyejifunika shali kwa baridi, na kushoto kijana wa Ofisi ambaye kazi yake ilikuwa kukubali kwa kichwa. Atupele alikalishwa kwenye kiti kirefu, Kipara mapajani. Bibi Subilaga alikaa mbali na mkwewe kadiri chumba kilivyoruhusu, kitenge kimefungwa kama anayejiandaa kulima.

Bi. Mkwizu aliwasikilizisha ripoti yote, pamoja na jembe. Baadaye akamgeukia Gwantwa na kumweleza hali ilivyo, kwa sauti isiyo na uadui, ambayo ilikuwa mbaya kuliko uadui.

Alisema mambo ni rahisi. Mama wa mtoto yuko hapa, ana kazi, ana nyumba Dodoma. Akithibitisha tu kwamba sikio limesikia sawasawa, atamchukua mwanawe leo hii na waende zao. Bibi atazuiwa kumkaribia mtoto, na basi. Akisema sikio limekosea, hilo ni jambo jingine, kwa sababu sikio ni moja nchi nzima. Likikosea hapa limekosea kila mahali, na kila mzee aliyefungiwa mlango na baraza hili atarudi kesho kuugonga.

"Wewe ndiye uliyetufundisha hivyo," alimalizia. "Mchimba kisima huingia mwenyewe, dada yangu. Sema."

Gwantwa alimtazama mama mkwe wake. Neno moja tu lilihitajika, na mwanamke yule aliyemdhalilisha kaburini angekufa bila kumwona tena mjukuu wake. Hakuna ambaye angemlaumu. Mashine ndiyo ingekuwa imesema. Bibi Subilaga naye alijua, akamkazia macho makavu yasiyoomba kitu, kama mtu anayesubiri aone mwizi atachukua nini. Chuki ile Gwantwa aliiona waziwazi na akairudisha yote, haikupungua hata chembe.

"Sikio limesikia maneno," alisema. "Mchezo halikuusikia."

"Ndiyo kusema limekosea?"

"Ndiyo kusema bibi yake hana kosa."

Bi. Mkwizu alimwuliza ushahidi uko wapi, au ni kwa sababu tu huyu ni mkwe. Mtu anayewajua angesikia swali hilo angecheka. Kabla Gwantwa hajajibu, bibi alikohoa. Tangu waingie hakuwa ametamka neno, hata jina lake aliacha wamsomee. Sasa alimwelekezea kidole mjukuu wake.

"Mke mwenza," alisema, "naona umenenepa kwa wali wa serikali. Nikufunge kamba nikupeleke mnadani, au utatembea mwenyewe?"

Kijana wa Ofisi aliinua mkono kumzuia. Atupele aliangalia huku na huku, akawaona wenye makoti ya maziwa mlangoni, akabana midomo. Lakini Kipara hakuwa akiwaogopa watu wa makoti. Kutoka mapajani mwa mtoto ilisikika ile sauti yake ya kukwaruza.

"Nenda wewe. Mimi nina meno, wewe utamtafuna nani, kibogoyo?"

Mwalimu mstaafu alijificha ndani ya shali, na shali ikatikisika. Atupele akaachia kicheko, na bibi, ambaye kweli hakuwa na meno ya mbele, akasema kwa utulivu kwamba meno aliyaacha kwenye shingo ya mke mwenza aliyepita.

Bi. Mkwizu hakucheka. Alinong'onezana na wenzake kwa muda mrefu. Walipomaliza alitangaza kwamba babu na bibi ni watani wa wajukuu wao, ni mila inayojulikana, na kwa msingi huo shauri hili linafungwa na mtoto anarudi nyumbani. Uamuzi huu, alisema, haugusi sikio wala sheria zake. Alirudia maneno hayo mara ya pili akimtazama Gwantwa peke yake, akauliza kama wameelewana. Gwantwa aliitikia kwa kichwa. Wakati ule angeitikia chochote.

*

Nje barazani mvua ilikuwa imeongezeka, wakabanwa wote chini ya bati pamoja na waliokuwa wakingoja zamu. Bibi Subilaga aliyekuwa mchache wa maneno ndani sasa alipata sauti. Aliwaambia watu wote, hata wasiouliza, jinsi alivyowashinda. Niliwaambia ni utani tu, alisema, mabibi na mababu ni watani, wakakosa la kujibu, wakanyamaza kama walioingiwa na maji mdomoni. Kuhusu mkwewe hakusema kitu, kana kwamba alikwenda pale kujikinga mvua.

Mwanamume mmoja aliyevaa koti zuri la sufu alikuwa akisikiliza kwa makini. Alimwuliza bibi, kwa heshima kubwa, kama ni kweli mababu nao wamo. Wamo sana, alisema bibi. Huyo aliitwa Kalonge. Hakuwa mzee, lakini kwa ukoo alikuwa babu mdogo wa Tusekile, naye ndiye aliyemlea tangu wazazi wake walipohamia mbali. Msichana mwenyewe alikuwa ameletwa kutoka Nyumba ya Utulivu na kusimamishwa karibu na nguzo, akiwa amemkumbatia kobe wake, uso kwenye gamba. Kalonge alipomsogelea na kumwinamia kumwambia neno, mtoto hakurudi nyuma wala hakutetemeka. Alifunga tu macho na kungoja.

Wakaitwa, wakaingia. Mlango ukabaki wazi nusu.

"Mheshimiwa," Gwantwa alimsikia Kalonge akisema, "mimi na huyu mjukuu wangu ni watani."

Gwantwa alishika nguzo. Kilikuwa kile kile alichowaambia maabara miaka ile, neno kwa neno, isipokuwa mlango alikuwa ameufungua yeye mwenyewe asubuhi ile. Alijaribu kujiambia kwamba pengine mtu huyu anasema kweli. Angejuaje? Maneno ya bibi na maneno ya Kalonge, ukiyaandika, yangefanana kama mapacha. Tusi halina alama usoni.

"Mama," Atupele alimvuta kitenge. "Kobe akirudi kwao hatajua kujibu. Nilikuwa bado sijamfundisha."

Ndipo alipoelewa. Punje ya Kobe haikuwa na kasoro. Tusekile alimfundisha kama kila mtoto anavyomfundisha mwanagenzi wake: alimkalisha kwenye kiti chake. Atupele anajibu, ndiyo maana Kipara anajibu. Kule kwa Kalonge, mtoto akisemwa hunyamaza na kufumba macho, na hilo ndilo somo pekee alilokuwa nalo la kumpa kobe. Sheria zote alizolitungia sikio zilisikiliza anayetukana. Hakuna hata moja iliyomsikiliza anayetukanwa.

Alipogeukia mlango, Bibi Subilaga alikuwa amekwisha kumkinga. Kizee alikuwa amesoma uso wake.

"Unakwenda wapi? Mtoto tumepewa."

Gwantwa alimweleza kwa maneno machache, na bibi alielewa, maana hakuwa mjinga. Alimtazama yule msichana kupitia upenyo wa mlango, akamtazama sana. Kisha akasema kwamba kila mtu ana wake. Wao walio ndani wana macho, waone wenyewe.

"Ukiingia humo watamrudisha Atu kule Nyumba ya Utulivu. Yule mwanamke alikuonya, nilisikia."

"Huenda wasimrudishe."

"Watamrudisha. Na ukiingia, mimi sina mkwe. Nilikuwa na mwana, amekufa, na mke wake amekufa naye."

Gwantwa alimpita. Alilazimika kumsukuma kidogo kwa bega, mama mkwe wake, mbele za watu.

Ndani aliomba kitu kimoja. Mwacheni mtoto acheze na mwanagenzi wake hapa mezani, alisema, na mzee amtanie kama anavyomtania nyumbani. Kalonge alisema hana taabu. Alikuwa na sauti nzuri. Alimwambia Tusekile, huku akitabasamu, kwamba leo wakifika nyumbani atalala nje na mbwa, je, si ndivyo, mchumba wangu? Msichana aliweka kobe mezani. Alimsukuma kichwa, pole pole, kwa kidole gumba, mpaka kikaingia chote ndani ya gamba, kisha akaziba tundu kwa viganja vyake viwili. Kijana wa Ofisi alifungua spika ya kobe hadi mwisho. Walisikia mvua kwenye bati, na mwalimu mstaafu akivuta pumzi, na zaidi ya hapo hawakusikia kitu.

"Hajawahi kujibu," alisema Gwantwa. "Tafuteni katika yote sikio lililoyasikia tangu siku ya kwanza. Hamtapata hata neno moja. Sikio lilipaswa kumsikiliza anayetukanwa."

Bi. Mkwizu alimwambia Kalonge asitoke nje ya jengo. Halafu akamgeukia Gwantwa, na safari hii uadui ulikuwa wazi, labda kwa sababu alikuwa karibu kulia.

"Umelishtaki sikio mbele ya baraza. Nilikupa njia ukaikataa. Sasa lazima lifundishwe upya kusikiliza kama ulivyosema, na mpaka limalize kufundishwa hakuna shauri la utani litakalofungwa. Watoto wote wa mashauri hayo watangoja Nyumba ya Utulivu. Nikikuachia wako, nitawaambia nini wengine?"

Gwantwa aliuliza itachukua muda gani. Pengine hadi kiangazi, aliambiwa, kama yeye mwenyewe atafanya kazi usiku na mchana.

Gari la Ofisi lilisogezwa hadi ngazi za baraza ili watoto wasilowe. Tusekile alipanda wa kwanza, bila kuambiwa, akaketi na kobe wake. Atupele alipakiwa akilia, Kipara kwapani, amemshika mama yake kidole mpaka mwanamke wa koti akakibandua. Kioo kilikuwa kimeshushwa nusu. Bibi Subilaga aliteremka ngazi, akasimama mvuani bila kujifunika, akainamia kile kioo.

"Nenda, mke mwenza," alisema. "Sufuria zangu zipumzike. Nitakula nyama yote peke yangu."

Akangoja. Atupele alifungua mdomo, kwikwi ikamzuia, akafunga. Bibi aliendelea kungoja, maji yakimtiririka usoni, mkono wake umeshika ukingo wa kioo. Dereva akawasha gari.

"Utakula na nini?" alisema Kipara. "Meno huna. Mimi ndiye ninayekutafunia."

Bibi aliachia kioo. Alisimama barabarani mpaka gari lilipopotelea kwenye chai, ndipo akageuka, akapanda ngazi na kuokota mkoba wake. Gwantwa alikuwa amesimama juu ya ngazi, hana mwavuli, akimngoja amtukane. Alilitamani tusi lolote, hata kali namna gani, apate la kujibu. Lakini mkwe hana utani na mkwewe, na Bibi Subilaga alimpita bila kumwambia neno.